Kwa Nini Tulipie Mashine za Maabara?

Ndugu wafanyakazi, swali hili ni la haki. Mshahara hautoshi, na bado fedha za kodi yetu zinatakiwa zinunue darubini na mashine za kupimia damu. Sisi tunasema zitolewe, tena na pande zote mbili za mpaka.

Tazameni malale. Huambukizwa na mbung'o, na ng'ombe anaweza kuwa na vidudu vyake huku akionekana mzima. Maksai wanaolima shamba lako nyumbani hawakuonyeshi dalili. Mtu akishikwa, homa hufanana na ya malaria. Asipotibiwa, vidudu huingia ubongoni, naye hufa. Darubini ndiyo inayovionyesha. Vikiwa vichache, damu huzungushwa kwanza kwa mashine ili vikusanyike mahali pamoja. Kila zahanati ikitaka mitambo yote iwe yake, hakuna itakayomudu.

Zamani jambo hili lilieleweka. Taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale ilikuwa Tororo, na kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa ukoma kilikuwa Alupe, karibu na Busia. Gharama zilikuwa za ushirika. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tororo ilibaki mikononi mwa Uganda, na Kenya ikaanzisha taasisi yake Muguga. Mbung'o hawakugawanywa. Malale iliyolipuka Busoga mwaka 1976 ilifika Tororo katika miaka ya 1980.

Mwaka 2020 madereva wa malori walikwama kwa foleni ndefu Malaba na Busia wakingoja majibu ya korona, na maabara ya Alupe ikafanya kazi ya kupima. Jumuiya mpya iligawa maabara 9 za kuhamahama kwa nchi sita. Fedha zilitoka Ujerumani. Tunashukuru, lakini mfadhili huja kwa wakati wake.

Tena kununua ndiyo sehemu rahisi. Aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji anajua mashine isiyo na spea wala fundi inavyogeuka chuma chakavu. Kwa hiyo, bajeti ikisomwa, tuwaulize wabunge wetu mambo matatu: fundi analipwa na nani, dawa za kupimia zitatosha miezi mingapi, na je, mgonjwa wa ng'ambo ya mpaka atapimwa au atarudishwa?