Kubeti si imani: Acha kumjaribu Mungu kwa hamsini bob

Umewahi kubeti kisha ukaomba? Si lazima unijibu kwa sauti, hasa kama unasoma hii ukiwa ndani ya matatu. Lakini unajua ninachosema. Umeweka hamsini bob, imebaki mechi moja, dakika ya 88, na wewe uko pale: "Mungu, hii tu. Nikishinda natoa fungu la kumi."

Sikuandikii kukukemea. Mimi si pasta, na hata digrii sina. Chuo niliacha karo ilipokwama. Nakuandikia kwa sababu kuna sentensi naisikia sana mtaani, hata kutoka kwa vijana wa kwaya: "Kama ni mapenzi ya Mungu, nitashinda." Inasikika kama imani. Si imani.

Jaribu lililovaa suti ya Jumapili

Fungua Mathayo sura ya 4. Yesu amefunga siku 40 na ana njaa. Jaribu la kwanza ni mkate. Angalia vizuri: mkate si dhambi, na njaa si dhambi. Jaribu lilimjia pale penye uhitaji wa kweli, kama linavyokujia wewe tarehe tano, kodi hujalipa na mwenye nyumba ameanza kupiga simu.

Jaribu la pili ndilo letu. Anapelekwa juu kabisa ya hekalu, anaambiwa ajirushe, malaika watamdaka. Na shetani hakuja mikono mitupu. Alitumia maneno ya Zaburi ya 91. Yesu alikataa, akamwambia kuwa Mungu si wa kujaribiwa.

Sasa linganisha. Kujirusha ukisema "Mungu atanidaka", na kuweka pesa ya kodi ukisema "Mungu atanishindia", kuna tofauti gani? Zote mbili zinampangia Mungu saa na njia ya kukusaidia. Kumwamini ni kumwachia aamue. Kumjaribu ni kumpa masharti.

Na ukiambiwa kanisani upande mbegu ya elfu moja ili uvune gari, jua hiyo pia ni dau, ila limewekwa madhabahuni.

Tupige hesabu

Chukua jakpoti ya mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Njia za kuijaza ni zaidi ya milioni 129. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6 Kenya nzima. Hata kila mmoja wetu, pamoja na watoto wachanga, angejaza tiketi mbili zisizofanana na za mwingine, bado zaidi ya milioni 30 zingebaki bila mtu.

Halafu kuna ile ndege inayopaa kwenye skrini, mara imetoweka na pesa yako. Hiyo haingoji hata wikendi. Raundi inaisha kwa sekunde, na nyingine inaanza kabla hujashusha pumzi.

Zamani mtu wa kamari alilazimika kutoka nyumbani, na watu wangemwona akiingia. Lakini M-Pesa ilianza 2007, mikopo ya simu ikafuata, Fuliza ikaja 2019. Leo akiba, deni na kamari vinakaa mfuko mmoja. Unaweza kukopa, kuweka dau na kupoteza kabla chai haijapoa, na anayelala kitanda cha pili asijue.

Ndiyo maana kuna vijana wamebeti karo ya ndugu zao, na wengine tumewazika kwa sababu ya deni na aibu. Kama umefika mahali unaona afadhali usiwepo, acha kusoma sasa hivi. Mpigie mtu unayemwamini au nenda hospitali iliyo karibu. Deni linalipika. Wewe huna mbadala.

Yusufu alikimbia, akafungwa

Mwanzo 39 inasimulia jinsi Yusufu alivyoshikwa vazi na mke wa Potifa. Hakukaa kujadili. Aliacha vazi, akatoka mbio.

Malipo yake? Jela. Hapa ndipo mahubiri mengi hupita haraka. Tunamkuta Yusufu wakati wa kuuzwa akiwa na miaka 17. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na 30. Kama miaka 13 hivi ya kungoja, na sehemu yake alingoja gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kwa hivyo nikikwambia uache kubeti, sikuahidi kazi wiki ijayo. Unaweza kuacha na bado ukasota. Mapenzi ya Mungu si njia ya mkato ya kuomoka. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, na hakikuondolewa.

Basi unakimbiaje? Anza na simu. Futa apu, kisha uombe akaunti ifungwe. Kampuni nyingi za kamari zina njia ya mchezaji kujifungia. Zuia zile SMS za bonasi. Kibarua kikilipa, toa kodi na unga kabla hujalala. Mechi nenda utazame na watu wasiobeti. Wapo, watafute.

Kisha mwambie mtu mmoja, kwa jina na kwa kiasi. Usiseme "niombeeni, napitia mambo". Sema, "Nimebeti elfu sita mwezi huu na sijui nitaachaje." Jaribu linapenda giza. Likitajwa mbele ya rafiki mwenye akili, nusu ya nguvu zake zinaisha.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu huweka mlango wa kutokea kwenye kila jaribu. Lakini mlango hautembei kukufuata. Wewe ndiye unainuka na kuuendea.

Wikendi hii mechi zipo, na bonasi itakuja. Ukitaka kuomba, omba kabla ya kushika simu, na uombe ukiwa tayari kuambiwa hapana.