Mtunzi wa nyimbo na mpiganaji wa filamu: Kwa nini vipato vyao havifanani

MSICHANA wa Chebunyo, katika eneobunge la Chepalungu, aliyejaliwa sauti nzuri hahitaji kuelezwa maana ya kazi ya uimbaji. Kaunti za Bomet na Kericho zimelea waimbaji wa Kikipsigis tangu zama za santuri, wakati duka la Chandarana mjini Kericho lilipokuwa likirekodi bendi za magharibi mwa Kenya. Mwenzake anayejua karate, na anayetamani kuanguka kutoka ghorofani kwenye filamu kwa niaba ya nyota, hana wa kumuiga kijijini.

Tofauti kubwa hata hivyo haiko katika umaarufu, bali katika kile ambacho kila mmoja anakimiliki.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humtambua mtunzi kama mwenye mali. Haki yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hivyo warithi wake nao wana la kudai redio inapoucheza wimbo. Ni kweli mirabaha imezua malalamiko mengi nchini, na wengi hupokea fedha za kununua sukari tu. Lakini dai lipo, na halizeeki pamoja na koo.

Tena wimbo husafiri. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakiimba kuhusu Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Marekani aliyegeuka mtunzi na mwimbaji, akafa kwa kifua kikuu mwaka wa 1933 bila kukanyaga Afrika. Santuri zake zilifika alikoshindwa kufika mwenyewe.

Mpiganaji wa filamu huuza mwili wake. Aghalabu hulipwa kwa siku, uso wake hauonekani, na akivunjika mfupa kazi imekwisha. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 humlinda mwajiriwa. Anayeitwa kwa siku mbili kama kibarua huru anaweza kujikuta nje ya ulinzi huo. Swali la bima ni la kuulizwa kabla ya kuruka, si hospitalini.

Zoë Bell wa New Zealand anaijua bei hiyo. Alianzia mazoezi ya viungo na taekwondo, akapigana badala ya Lucy Lawless katika Xena, kisha badala ya Uma Thurman katika Kill Bill. Katika sehemu ya pili ya filamu hiyo aliumia mbavu na kifundo cha mkono, akafanyiwa upasuaji na kuuguza jeraha kwa miezi kadhaa. Mwaka wa 2007, katika Death Proof, aliigiza kwa jina lake mwenyewe na hatimaye watazamaji wakamwona usoni.

Huko Marekani chama cha waigizaji kimewapatia watu wa kazi hii mgao filamu inapoonyeshwa tena. Karibu na kwetu, mtaani Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana amekuwa akitengeneza filamu za kung-fu tangu 2005 kwa fedha kidogo mno, vijana wakijifunza mapigano uani.

Nao waandalizi wa Oscar, waliokuwa wamewasahau wapiganaji hawa tangu tuzo za kwanza mwaka wa 1929, walitangaza mwaka wa 2025 kwamba ubunifu wa matukio hayo ya hatari utatuzwa kuanzia sherehe ya 2028.