Vyombo Visivyo na Waya: Panga Masafa Kabla ya Kulipa

Viongozi wa bendi na wakodishaji wa vyombo vya muziki wanaoongeza seti za gitaa na saksafoni zisizotumia waya wanashauriwa kupanga masafa kabla ya kutoa fedha. Seti ikijaribiwa peke yake dukani husikika vizuri. Zikiwashwa tatu au nne jukwaani, sauti huanza kukwaruza na kukatika.

Kila seti ina kirusha mawimbi anachovaa mpigaji, na kipokezi kinachounganishwa na amplifaya. Virusha mawimbi viwili vikikaribiana, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa mengine. Tuseme gitaa la solo liko megahezi 520.0 na besi 520.4. Zidisha 520.4 kwa 2, kisha toa 520.0: unapata 520.8. Saksafoni ikiwekwa hapo itaingiliwa, hata kama hakuna mwingine anayetumia namba hiyo. Ikihamishiwa 521.1 inasalimika. Kwa hiyo, kuachanisha masafa kwa nafasi zinazolingana ni kujitafutia matatizo.

Njia nyepesi ni kununua seti za aina moja, zenye ukanda mmoja wa masafa, na kuchukua chaneli zote kutoka kundi moja lililopangwa na mtengenezaji. Kuchanganya makundi huvuruga hesabu hiyo. Seti za dijitali za gigahezi 2.4 nazo hugawana nafasi na Wi-Fi, hivyo huweza kusumbua katika ukumbi uliojaa watu wenye simu.

Wanunuzi wa mitumba kutoka Ulaya wawe waangalifu zaidi. Mikutano ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) ya mwaka 2007 na 2015 ilifungulia simu za mkononi masafa ya megahezi 694 hadi 862 barani Afrika na Ulaya. Seti ya masafa hayo, hata ikiwa ya bei ya chini, inaweza kuwa hasara. Kwa Tanzania, masafa yanayoruhusiwa yaulizwe TCRA.

Kabla ya kulipa, mnunuzi awashe seti zote kwa pamoja, kisha azime kirusha mawimbi kimoja na kuacha kipokezi chake kikiwaka. Taa ya mawimbi ikiendelea kuonyesha, chaneli hiyo imeingiliwa na ibadilishwe. Arudie hivyo kwa kila seti. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo aachwe na mali yake.