Maharagwe Yananyauka, Maji Yamejaa

Mvua za masika zikipiga mfululizo Kakamega au Vihiga, maharagwe hunyauka yakiwa yamesimama majini. Wengi hudhani udongo umechoka, wakaongeza mbolea. Mbolea haina la kufanya hapo, kwani mizizi imekosa hewa.

Oksijeni husafiri majini polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Matundu ya udongo yakijaa maji, mzizi hushindwa kupumua, na mzizi usiopumua hauna nguvu ya kufyonza hata maji yaliyouzunguka. Mimea ya jamii ya kunde huumia zaidi, kwa sababu bakteria wa kwenye vinundu, wanaoipatia naitrojeni, nao wanahitaji oksijeni. Pasua kinundu: cha waridi ndani kinafanya kazi, cha kijani au kijivu kimeacha. Majani ya chini huwa manjano kwa sababu hiyo.

Kisha mizizi huanza kuoza. Pythium, mojawapo ya vimelea vya uozo huo, hufanana na kuvu, ila kwa nasaba iko karibu zaidi na mwani wa kahawia, hivyo baadhi ya dawa za ukungu haziidhuru (muulize muuza dawa kabla hujalipa). Vijimbegu vyake vina mikia midogo, navyo huogelea kufuata sukari inayovuja kwenye mizizi dhaifu. Kimelea kingine, Fusarium, hupenya kwenye majeraha, hasa yaliyoachwa na funza wa inzi wa maharagwe shinani.

Ili kujua ni kimelea kipi, chimbua mmea kwa jembe. Ukiuvuta, mizizi iliyooza itabaki ardhini. Michirizi ya wekundu uliofifia ni dalili ya Fusarium. Ganda laini lililolowa, linalobanduka kirahisi, ni dalili ya Pythium.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magonjwa haya yaliwafanya baadhi ya wakulima wa magharibi mwa Kenya kuacha kabisa kupanda maharagwe. Baadaye zikaja mbegu stahimilivu kama KK8 na KK15. KK15 ni nyeusi, na wapo wanaoikunjia uso. Kwangu mimi, heri mchuzi mweusi kuliko sufuria tupu.

Hata hivyo, kustahimili ugonjwa si kustahimili mafuriko: matuta na mitaro bado vinahitajika. Palilia pia kwa kuinulia shina udongo wiki mbili tatu baada ya kuota. Maharagwe hutoa mizizi mipya juu ya ile iliyooza, na mmea unaweza kufikia mavuno kwa mizizi hiyo mipya.