Fahamu: Sauti ya kupakua bure ina masharti yake
Unahariri video na unataka sauti ya mvua ikipiga bati. Freesound, maktaba ya sauti iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, inakuruhusu kupakua bure ukishajisajili. Lakini bure haina maana ya kutumia utakavyo. Tazama leseni ya Creative Commons (CC) kwenye ukurasa wa faili: CC0 haikudai chochote, CC BY inataka umtaje aliyerekodi, yenye NC inakataza biashara, na video ya harusi unayolipwa kuitengeneza ni biashara hiyo. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakati wa kuhariri, chagua WAV, kwa kuwa MP3 imebanwa na hupungua ubora kila ikihifadhiwa upya. Jina la mrekodi na leseni yake, yaandike siku hiyohiyo unapopakua.