Vipele vya Siku Tatu

Mtoto akipata homa ndogo na vipele vyekundu, mara nyingi hatushtuki. Siku ya tatu vipele vinatoweka. Mtoto anarudi kucheza. Tunasahau.

Huenda ugonjwa huo ni rubela. Wengine huuita surua ya siku tatu. Tezi za nyuma ya masikio huvimba. Unaletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, virusi humwingia mwingine. Tena mgonjwa huambukiza hata kabla vipele havijatokea. Wengine huugua bila kuota kipele hata kimoja.

Kwa mtoto, rubela ni ugonjwa mdogo. Kwa mama mja mzito sivyo. Yeye mwenyewe hupona upesi, lakini virusi hupita katika damu yake, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu ndipo macho, masikio na moyo vinapoumbwa. Mimba inaweza kutoka. Au mtoto huzaliwa kiziwi, au ana mtoto wa jicho, au moyo wake una kasoro. Wengine hupata yote matatu.

Jambo hili lilijulikanaje? Mwaka 1941, katika mji wa Sydney, nchi ya Australia, daktari wa macho Norman Gregg aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Alishangaa, maana huo tumezoea kuuona kwa wazee. Habari za mama zao zilipochunguzwa, karibu wote walikuwa wameugua rubela mimba ikiwa changa. Baadhi ya madaktari hawakumwamini mwanzoni.

Vijijini kwetu, mtoto akizaliwa hivyo, hutafutwa mchawi. Au mama huambiwa kwamba alivunja mwiko. Huo ni uonevu. Pengine alimbeba tu mtoto wa jirani aliyekuwa analia kwa homa.

Rubela haina dawa ya kuitibu. Kinga ni chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Wengi husahau hiyo ya pili. Akina baba, kumpeleka mtoto kliniki si kazi ya mama peke yake. Mama mwenye mimba hapewi chanjo hii. Kwa hiyo kinga yake ni watoto wanaomzunguka wawe wamechanjwa.

Mja mzito aliyekaa karibu na mgonjwa wa vipele aende kliniki mapema, amweleze mkunga.

Ukiona mboni ya mtoto mchanga ni nyeupe, mpeleke hospitali bila kukawia. Mtoto wa jicho hupasuliwa, lakini akicheleweshwa, jicho huenda lisione vizuri tena. Mtoto aliyezaliwa na rubela anaweza kutoa virusi kwa mwaka mzima au zaidi. Jirani mwenye mimba asimpakate kwa sasa.