Tiba ya Sindano na Chuma cha Moto

Wachina wana tiba ya kale ya kudunga sindano nyembamba mwilini bila ya kutia dawa yo yote. Tiba hiyo haikuwa ya wanadamu peke yao. Mwaka 1608 ndugu wawili, Yu Benyuan na Yu Benheng, walitunga kitabu cha kutibu farasi, na tiba ya sindano imo ndani yake. Leo madaktari wa mifugo wa Ulaya na Marekani nao huitumia, hasa kwa farasi na mbwa wenye maumivu ya mgongo na viungo. Sindano huamsha mishipa ya fahamu, na mwili ukatoa wenyewe kitu cha kupunguza maumivu. Hata hivyo wataalamu hawajaafikiana juu ya kadiri ya faida yake, na kwa maradhi ya kuambukiza haishiki mahali pa dawa.

Jambo hili lawahusu ndugu zetu wa Singida, toka Iramba hata Manyoni, ambao ng'ombe kwao ni mahari na akiba ya nyumba. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, mnyama akishikwa na ndigana kali na matezi ya chini ya sikio yakavimba, humchoma uvimbe kwa chuma cha moto. Lakini maradhi hayo huletwa na kijidudu kitokacho kwa kupe, nacho kimo ndani ya damu na matezi. Moto haukifikii. Ng'ombe huongezewa maumivu, ngozi ikaharibika, na siku za kumwokoa zikapita bure.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake, na mgonjwa hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu pale dawa inapoyapata maradhi. Tena alipomwona punda aliyetiwa alama ya moto usoni, alimlaani aliyefanya hivyo. Basi kumtesa hayawani kwa tiba isiyofaa, na ifaayo ipo, ni dhulma. Nayo serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Enyi vijana mnaochunga, mwiteni Bwana Mifugo siku ya kwanza ya homa, wala msingoje uvimbe ukue. Waogesheni ng'ombe dawa ya kupe, na ndama wapatieni chanjo. Hayawani hana ulimi wa kushitaki, lakini Mola wake anamwona.

Wabillahi taufiq.